Kisu cha shemeji hakipati: niseme au ninyamaze?

Swali: Fundi, heshima yako. Mimi ni mpenzi wa visu, mwaka wa nne huu. Ninavyo tisa, pamoja na mawe matatu ya kunolea, na karibu kila jioni nasoma habari za vyuma. Shida yangu ni visu vya watu wengine. Nikialikwa mahali siwezi kupita jikoni bila kutupa jicho, na karibu kila mara nakutana na kitu kile kile: ubapa mwembamba kama bati, mpini wa plastiki, makali hakuna. Mwezi uliopita tulikuwa kwa dada yangu. Nikamwona shemeji anahangaika na nyanya, anaiponda badala ya kuikata. Nikamwambia mbele ya wageni kwamba kisu hicho ni takataka, akitupe, atafute kisu cha maana. Alicheka kidogo, akanyamaza. Tangu siku ile hanipigii simu. Wenzangu wapenda visu wananiambia nilisema kweli. Je, nilikosea? Na mtu anayejua afanye nini akiona kisu kibovu mkononi mwa nduguye? Nafikiria kumnunulia kimoja kizuri ili yaishe.

Jibu: Ndugu yangu, ulikosea, lakini si pale unapodhani. Wewe unajiuliza kama kweli ile ilistahili kusemwa mbele ya wageni. Mimi nasema haikuwa kweli. Kwa maelezo yako mwenyewe, shemeji alikuwa anaponda nyanya. Kinachoponda nyanya ni kisu butu. Hujanieleza lolote linaloonyesha kwamba kisu chenyewe ni kibovu. Ubutu na ubovu ni mambo mawili, na mpenda visu anatakiwa awe wa kwanza kuyatenganisha.

Lugha yetu ilikwisha kuyatenganisha zamani. Kisu kikikata vizuri tunasema kinapata, na wahenga wakaacha neno: kinolewacho hupata. Hawakutaja chuma wala bei. Kupata ni hali ya kisu. Huja kwa jiwe na mkono, huondoka kwa kazi, hurudi tena kwa jiwe na mkono. Kisu chako ghali kuliko vyote, kikikaa miezi sita bila kunolewa huku kinatumika kila siku, kitaiponda nyanya vilevile.

Nimenoa visu vya watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Vingi vilivyoletwa kwangu ni vya aina unayoidharau, na karibu vyote havikuwa na ugonjwa wowote ila mmoja: havikuwahi kuguswa na jiwe tangu vilipotoka kiwandani. Wenyewe walidhani kisu kina umri, kwamba kikifika mahali fulani kimezeeka. Dakika kumi baadaye wanakata karatasi hewani na kunitazama kama nimewabadilishia kisu. Furaha ile sijaichoka mpaka leo, na ndiyo iliyonifundisha ninachotaka kukueleza.

Tuanze na chuma, kwa kuwa najua ndiko kichwa chako kiliko.

Kisu cha jikoni cha bei ya chini kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu cha jamii ya 420, chenye kromiamu kama asilimia 13 na kaboni kama asilimia 0.3. Ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell, kile kinachoandikwa HRC, huwa 52 hadi 54 hivi. Kinachofuata juu yake ni kile ambacho viwanda vya Ujerumani hukiandika X50CrMoV15 kwenye ubapa: kaboni asilimia 0.5, kromiamu asilimia 15, ugumu wa 55 hadi 57. Halafu unafika kwenye vyuma mnavyovipenda nyinyi, kama VG-10 ya Kijapani yenye kaboni asilimia 1 na ugumu wa 60 au 61, na vile vya unga unaokandamizwa kwa joto, ambavyo hupanda zaidi ya hapo. Ngazi hiyo ni ya kweli. Sitaki uikane. Chuma kigumu chenye kaboni nyingi hukaa na makali muda mrefu zaidi, na aliyekishika mkononi anajua.

Lakini ngazi hiyo inapima kitu kimoja tu, muda wa makali, na kila hatua ya kupanda ina malipo yake. Chuma kikizidi ugumu, ustahimilivu wake kwa kawaida hupungua. Kisu laini kikigonga mfupa, makali yake hulala upande; unayasimamisha kwa kuyapitisha kwenye fimbo ya chuma ya kunolea, ikikosekana hata kwenye ule mviringo mkavu usio na rangi chini ya kikombe cha kauri, maana kauri ni ngumu kuliko chuma. Kisu kigumu kikigonga mfupa uleule, makali humeguka. Kilichomeguka hakisimamishwi. Unakisaga kwenye jiwe lenye chembe kubwa hadi pengo liishe, na nusu saa yako imekwenda pamoja na chuma ambacho hakitarudi.

Sasa mtazame shemeji. Ni mtu anayeacha kisu kwenye beseni la vyombo, anakopesha jirani, anafungulia kopo akikosa kifunguo, anakata juu ya sahani. Kwa maisha hayo, chuma laini kisichoshika kutu ni jibu sahihi kabisa. Laiti angekuja kwangu akaniambia ukweli wote kuhusu jikoni mwake, ningemchagulia kisu kinachofanana sana na alichonacho.

Kuna habari moja ya zamani ninayopenda kuwasimulia vijana wanaokuja kujifunza kunoa. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa vyuma aitwaye Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi kwa joto la risasi. Akapata mchanganyiko wenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24, akaona kwamba siki na maji ya limau haviachi doa juu yake. Yeye akawaza visu papo hapo, maana visu vya wakati huo vilishika kutu na kubadilisha ladha ya matunda. Mafundi wa Sheffield, mji uliokuwa ukifua visu kwa karne nyingi, hawakukubali. Visu vya kwanza kutengenezwa kwa chuma kile havikukata, nao wakambandika Brearley jina la mvumbuzi wa visu visivyokata.

Tatizo halikuwa chuma. Wale walikuwa mabingwa wa chuma cha kaboni, ambacho hutaka moto wa nyuzi 800 hivi za Selsiasi kabla ya kuchovywa ili kiwe kigumu. Chuma kipya kilitaka moto wa kama nyuzi 1,000. Walikipa moto waliouzoea, kikatoka laini, wakakihukumu. Fundi mmoja, Ernest Stuart, ndiye aliyehangaika nacho hadi akakipatia namna yake, na visu vikaanza kukata. Ukitazama ule mchanganyiko wa Brearley, kaboni asilimia 0.24 na kromiamu karibu 13, utaona ni ndugu wa damu wa kile kisu ulichokiita takataka. Mabingwa wa mji mzima walikidharau kwa ujuzi wao wote, kumbe wao ndio hawakuwa wamekielewa. Ninapojisikia kuanza kudharau kisu cha mtu, huwa nawakumbuka.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda visu wengi hulipita haraka wakikimbilia majina ya vyuma, nalo ni umbo. Kisu hukata kwa umbo lake. Chuma kazi yake ni kulitunza umbo hilo lisiharibike upesi. Chukua kipimo cha unene, pima milimita moja juu ya makali. Kikiwa na unene wa robo ya milimita pale, kitateleza ndani ya karoti. Kikifika robo tatu ya milimita, karoti itapasuka kabla haijakatwa, hata ubapa uwe wa chuma cha namna gani. Wewe una visu tisa na nina hakika angalau viwili kati yake ni vya porini, vya unene wa milimita 4 mgongoni. Vinunue kwa bei yoyote, jikoni vitashindwa na kile cha shemeji kikishanolewa, maana ubapa ule mwembamba ulioufananisha na bati una milimita moja na nusu tu mgongoni, na wembamba huo ndio faida yake.

Pembe ya makali nayo ni hivyohivyo. Huko Sheffield kipo kituo cha utafiti wa vifaa vya kukatia kiitwacho CATRA, chenye mashine inayokata karatasi ngumu iliyotiwa chembe za mchanga, mkato baada ya mkato, hadi makali yachoke. Kipimo hicho kimeonyesha wazi kwamba chuma kilekile kikinolewa kwa pembe nyembamba hukata zaidi sana kuliko kikinolewa kwa pembe pana. Visu vya bei ya chini hutoka kiwandani na pembe pana, ilimradi viuzwe. Nusu ya ubaya unaouona ni huo, na huo unaondoka jioni moja.

Na juu ya yote pana kibao. Anayekata juu ya kioo, jiwe au sahani ya kauri anaua makali kila mkato, na hakuna chuma cha kisu kitakachomsaidia. Kisu cha kawaida juu ya kibao cha mti kitaishi vizuri kuliko kisu cha thamani juu ya sahani. Kama ulikuwa na neno moja tu la kumwambia shemeji siku ile, kwa upole na pembeni, lingekuwa kuhusu kibao.

Wenzako wanaosema ulisema kweli, waulize kwa nini wanaheshimu Opinel ya Ufaransa, kisu cha mpini wa mti kilichoanza mwaka 1890 na kimebaki cha bei ya mtu wa kawaida. Waulize kuhusu visu vya Mora vya Uswidi vyenye mpini wa plastiki, au kile kisu kidogo cha kumenyea cha Victorinox ambacho wapishi wa kazi hukinunua kwa mafungu. Chuma cha Victorinox kina ugumu wa 55 au 56 tu, na kiwanda kimekiacha hapo kwa makusudi, ili mtu yeyote aweze kukinoa. Wapenda visu wote ninaowajua wanavisifu visu hivi. Kwa hiyo bei haiwasumbui kwa kweli, wala plastiki, wala ugumu mdogo. Kinachowasumbua ni kisu kisicho na jina, kilicho mikononi mwa mtu asiyezungumza lugha yao. Hilo nakwambia kwa uchungu, kwa sababu mimi pia nimekuwa huko.

Zamani nilimnunulia shangazi yangu kisu. Kilikuwa chembamba, kigumu, HRC 61, kimefuliwa vizuri sana, na mimi mwenyewe nilikinoa siku mbili. Kisu chake cha siku zote nilikuwa nimekicheka zaidi ya mara moja. Baada ya wiki tatu nikapita kumsalimu, nikamkuta anakata kwa kile cha zamani. Nikauliza kipya kiko wapi. Akajifanya hakusikia. Nilipouliza mara ya pili akaenda kabatini, akakitoa kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa, akanipa kwa mikono miwili akiniomba radhi. Makali yalikuwa yamemeguka mahali pengi. Amekatia nyama iliyoganda, na kisu kilipokwama alikizungusha kukitoa, kama alivyozoea kufanya na kile cha zamani. Alikificha kwa wiki nzima kwa sababu aliona haya.

Shangazi yangu hakuwa na kosa hata dogo. Nilimpa kisu cha mikono yangu, si cha mikono yake, kisha sikumweleza chochote kwa kuwa nilidhani ubora unajieleza wenyewe. Yeye akabeba aibu iliyokuwa yangu. Siku ile nilikaa kwake nikanoa kile cha zamani, kisu cha mpini wa plastiki uliopauka, alichokitumia miaka kumi na moja. Jioni akanipigia simu kuniuliza nimekifanya nini. Hajakibadilisha tena.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, kumnunulia kimoja kizuri ili yaishe, nakujibu waziwazi: usinunue. Si sasa. Zawadi itakayofuata lile neno itakuwa neno lile lile kwa mara ya pili, sasa limefungwa kwa karatasi. Mwaka ukipita, mkipatana, yeye mwenyewe akikuuliza, hapo mchagulie kitu chembamba, laini, kisichoshika kutu, cha kunoleka kwa urahisi. Visu vigumu baki navyo wewe.

Nisikuache ukidhani kila kisu cha bei ya chini ni kizuri. Vipo vibovu kweli. Kipo kile ambacho hakikupewa moto unaostahili: unakinoa vizuri kabisa, unakata vitunguu viwili, makali yamelala chali, unarudia na yanalala tena. Tupa, ile ya kusugulia vyuma, huuma chuma hicho kama inavyouma msumari. Kipo chenye mawimbi mazuri ubavuni yanayoiga chuma cha tabaka, kumbe ni picha iliyochorwa kwa tindikali au kwa mwanga wa leza juu ya chuma cha kawaida. Vipo vinavyoandikwa maneno kama "chuma cha upasuaji" bila kutaja ni chuma gani, na vipo vinavyobeba alama za viwanda ambavyo havikuvitengeneza. Hasira yako juu ya vitu hivyo ni halali, nami ninayo. Lakini ielekeze kwa aliyekitengeneza na kukiuza akijua. Aliyekinunua ndiye aliyedhulumiwa. Ukimcheka unasimama upande wa aliyemdhulumu.

Na lipo jambo moja ambalo hulinyamazii, nalo ni hatari. Kisu cha kukunja ambacho kufuli lake halishiki, ubapa unarudi ukiusukuma mgongoni kwa kiganja, kinaweza kufunga juu ya vidole vya mtu. Mpini unaocheza, au uliopasuka karibu na ubapa, unaweza kung'oka wakati mtu ameweka nguvu zote. Vile visu vikubwa vya mapambo ambavyo msuka wake, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ni mwembamba kama msumari, vimekatika mikononi mwa watu waliojaribu kukatia kuni. Hapo sema. Sema siku ileile, mpeleke mtu pembeni, mwonyeshe kwa kidole mahali palipo na shida ili aone mwenyewe, na umwambie "hiki kinaweza kukuumiza" bila kuongeza neno juu ya chuma wala mahali alipokinunua. Kama mpini unatengenezeka, utengeneze wewe. Ujuzi wetu una deni kwa watu, na deni lenyewe ni hili.

Nje ya hapo, kaa kimya mpaka uulizwe. Najua ni vigumu. Jicho lililofundishwa haliachi kuona, na ule uchungu unaoupata ukiona makali yaliyokufa ni wa kweli. Unatokana na kupenda, na sikulaumu kwa kuwa nao. Ila uchungu ni wako. Shemeji hakuwa nao. Alikuwa na nyanya, wageni, na kisu ambacho hakikumtia wasiwasi wowote, anachoweza kumpa mtoto wake mkubwa au mgeni yeyote amsaidie kukata bila kusimama nyuma yake. Katika visu vyako tisa, ni vingapi unavyoweza kumpa mgeni na kuondoka? Mimi kwa muda mrefu sikuwa na hata kimoja, na kuna ukarimu fulani niliokuwa nimeupoteza bila kujua. Siku hizi ninacho kimoja cha kawaida kabisa jikoni, kimenolewa vizuri, na yeyote anayekuja anakitumia apendavyo.

Sasa nenda kwa shemeji. Usipige simu, nenda. Mwambie ulikosea, na umwambie kwa maneno ya kifundi kwa sababu ndiyo ya kweli: "Shemeji, kisu chako sicho kibovu, kilikuwa hakijanolewa, na mimi nilipaswa kujua tofauti. Naomba nikinoe." Dada yako akiwepo ni vizuri zaidi, maana neno la kwanza ulilisema mbele ya watu. Akikataa, mshukuru na uzungumze mengine. Akikupa, usikichukue kwenda nacho kwako. Kinoe palepale, kwenye jiwe lako la namba 1000 (namba ikipanda, chembe za jiwe huwa ndogo zaidi), yeye akiona. Kama kuna mapengo, anza na la 400.

Usikinoe kama unavyonoa vyako. Kwa chuma laini shika pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande. Ukienda chini ya 15 makali yatalala kabla ya wiki kuisha. Ikiwa ubapa una upana wa sentimita 4, mgongo uinuke kutoka kwenye jiwe kwa sentimita moja na milimita 4, na ukiwa na mashaka panga sarafu chache chini ya mgongo upate kimo. Noa upande mmoja mpaka usikie kwa kidole gumba ule unywele mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili, kuanzia kisiginoni mpaka nchani pasipo kuruka mahali. Watu wengi huacha sentimita mbili za mwisho karibu na ncha, na hapo ndipo nyanya hutobolewa. Geuza, fanya vivyo hivyo. Kisha punguza nguvu, badilisha pande mkato kwa mkato, nyepesi na nyepesi zaidi, mpaka unywele uishe. Usipouondoa wote kisu kitaonekana kikali leo na kesho kimekufa, na shemeji atasema chuma chake ni kibovu kweli. Maliza kwa kukivuta kinyumenyume juu ya ngozi au gazeti lililokunjwa. Ishia kwenye 1000. Usijaribiwe kupanda hadi 6000 ili kumwonyesha kioo. Chuma hiki hakitautunza ung'avu ule, na meno madogo yanayoachwa na jiwe la 1000 ndiyo yanayoshika ganda la nyanya.

Mpe nyanya aikate yeye. Wewe usimkatie.

Kisha, kabla hujaondoka, waambie watu wote wa nyumba ile kwamba kisu sasa kinapata, watoto nao waambiwe. Mkono uliozoea kusukuma kisu butu hutumia nguvu ambayo haihitajiki tena, na ndani ya siku mbili tatu za mwanzo ndipo vidole hukatwa. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba sirudishi kisu kwa mtu bila kumwambia, na mara nyingine namwomba akate vitu viwili vitatu mbele yangu, polepole, mpaka nione bega lake limetulia.